Mfumo wa faili wa majaribio ukiganda: tafuta kosa la kwanza kabla ya kurekebisha chochote

Swali: Natumia bcachefs kwenye Linux, SSD moja na diski mbili za kuzunguka zikiwa mfumo mmoja wa faili. Tangu nisasishe kerneli (kiini cha Linux), mashine inaganda nikifuta snapshoti za zamani (picha za mfumo wa faili ulivyokuwa wakati fulani) huku nikinakili mafaili makubwa. Inabidi nizime kwa kitufe. Nikiwasha, mara mfumo unapachikwa (mount) baada ya kusubiri sana, mara unakataa kabisa. Nimeshauriwa niendeshe fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, na kujibu "ndiyo" kwa kila swali. Nifanye hivyo? Na nitajuaje kama tatizo ni la mfumo wa faili au la vifaa vyangu?

Jibu: Hapana ndugu, usiendeshe fsck ya "ndiyo" kwa kila kitu. Si leo. Amri hiyo ina wakati wake, lakini kwa hali uliyoieleza inaweza kukupotezea vitu viwili kwa mpigo: data yako, na ushahidi wa kilichoiharibu.

Programu ya kurekebisha mfumo wa faili haijui ukweli ni upi. Inachoona ni maelezo mawili kwenye diski yanayopingana, na inalazimika kuamini moja na kulitupa jingine. Kwenye mfumo uliokomaa kama ext4, maamuzi hayo yamepigwa msasa kwa miaka mingi na watu waliopatwa na kila aina ya uharibifu. Kwenye mfumo mchanga, sehemu ya kurekebisha ndiyo iliyojaribiwa kidogo kuliko zote, kwa sababu haiitwi mpaka mambo yawe yameshaharibika. Ukijibu "ndiyo" bila kusoma, unairuhusu ifute maelezo sahihi na kubakiza mabovu, kisha iandike juu ya mabloku yaleyale ambayo yangeonyesha kosa lilianzia wapi.

Kwa hiyo anza kwa kusoma tu, na hapo kuna mtego. Kupachika kwa `-o ro` hakuhakikishi kwamba hakuna kitakachoandikwa. ext4, XFS na btrfs zote zinaweza kurudia daftari la mabadiliko (journal) wakati wa kupachika hata kama umeomba kusoma tu, na kurudia daftari ni kuandika kwenye diski. Ndiyo maana ext4 ina chaguo la `noload` na XFS ina `norecovery`. Kwa bcachefs tumia `-o ro,nochanges`: urejeshaji unafanyika ndani ya RAM pekee, na diski haipelekewi hata baiti moja. Kabla ya hapo funga kila diski kwa `blockdev --setro`, ili ukikosea amri kerneli yenyewe ikatae kuandika.

Ikikubali kupachikwa hivyo, nakili upesi vile vitu usivyo na nakala yake popote. Kisha chukua taswira ya diski nzima kwa `ddrescue`, programu ya kunakili diski hata yenye makosa, diski zote tatu. Usiiache SSD kwa kudhani ni kache tu: kutegemea ulivyopanga mfumo wako, inaweza kuwa imebeba sehemu kubwa ya metadata (maelezo ya mafaili yalipo) na data mpya ambayo bado haijahamishiwa kwenye diski za kuzunguka. Ukizinakili hizo mbili na kuiacha, unaweza kujikuta na nakala isiyofunguka.

Jambo jingine ambalo watu hulijua wakiwa wameshaumia: usiache diski halisi na nakala zake zikiwa zimeunganishwa kwenye mashine moja unapopachika. Nakala ina UUID (namba ya utambulisho) ileile ya diski yake. Mfumo unaokusanya diski zake kwa kutazama UUID, kama bcachefs au btrfs, unaweza kuchukua diski moja halisi na mbili za nakala ukazichanganya. Chomoa zile halisi, ziweke pembeni, ufanye majaribio kwenye nakala. Na juu ya nakala weka safu ya `dm-snapshot`, ili kila jaribio liandike kwenye safu hiyo na uweze kuitupa ukaanza upya.

Sasa tuje kwenye kuganda kwenyewe. Kuko kwa namna tatu, na kabla hujajua yako ni ipi hakuna anayeweza kukusaidia kwa uhakika.

Ya kwanza ni mkwamo wa kufuli: uzi mmoja wa kerneli umeshika kufuli ambalo mwingine analisubiri, na huyo mwingine ameshika lile la wa kwanza. Dalili zake ni kwamba diski ziko kimya, CPU imepumzika, na programu zote zinazogusa mfumo huo zimekaa kwenye hali ya D, yaani zinasubiri na haziwezi kukatizwa. Ya pili ni uzi unaozunguka palepale bila kusonga. Hapo diski ziko kimya lakini CPU moja imefika asilimia 100. Ya tatu si mkwamo kabisa. Kazi inaendelea, ila polepole kiasi kwamba mashine inaonekana imekufa. Diski zinafanya kazi kweli, na ukisubiri ingemaliza.

Ningependa uichukulie kwa uzito hiyo namna ya tatu. Kufuta snapshoti kwenye mfumo wa aina hii si kufuta jina moja. Mfumo unapaswa kupita kwenye funguo nyingi za miti yake, kuona kipi bado kinatumiwa na snapshoti nyingine na kipi hakitumiwi tena, na kuachia nafasi kipande kwa kipande. Kwenye diski ya kuzunguka hiyo ni safari ndefu ya kichwa kwenda na kurudi, na wewe wakati huohuo unaimwagia mafaili makubwa. Ukizima kwa kitufe katikati, kazi haifutiki. Inakusubiri kwenye kuwasha kunakofuata. Huko kupachikwa "baada ya kusubiri sana" kunaweza kuwa ni kazi hiyohiyo inayoendelezwa.

Kutofautisha ni rahisi ukijiandaa mapema. Fungua teminali mbili kabla ya kuanza kufuta, moja ikiwa na `iostat -x 1` na nyingine `top`. Mashine ikiganda, angalia kama diski zina kazi. Ujumbe wa `blocked for more than 120 seconds` peke yake usikutishe: unasema tu kwamba programu fulani imekaa kwenye hali ya D zaidi ya sekunde 120, ambacho ndicho kikomo cha kawaida. Hauelezi kama imekwama au imechelewa.

Kinachoeleza ni SysRq, kitufe cha kuiamuru kerneli moja kwa moja. Washa kwanza kwa `sysctl kernel.sysrq=1`. Mashine ikiganda, bonyeza Alt, SysRq na W kwa pamoja, au kama teminali bado inaitika andika `echo w > /proc/sysrq-trigger`. Kerneli itatoa orodha ya nyuzi zote zilizokwama pamoja na mfuatano wa miito ya kila moja, yaani imepita wapi mpaka ikafika inaposubiri. Subiri nusu dakika, rudia. Ukilinganisha matokeo mawili na kuona nyuzi zilezile mahali palepale huku diski ziko kimya, huo ni mkwamo wa kufuli. Zikiwa zimesogea, mashine yako inafanya kazi na haijafa. Kwa bcachefs kuna zaidi: chini ya `/sys/kernel/debug/bcachefs/`, kwenye folda ya UUID yako, faili la `btree_transactions` linaonyesha nani ameshika kufuli gani na nani anasubiri. Kwa msanidi, faili hilo moja lina thamani kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Tatizo linalowashinda wengi ni kwamba maelezo haya hayabaki. Mfumo wa faili umekwama, logi zinaandikwa kwenye mfumo huohuo, unazima, ukiwasha, `journalctl -k -b -1` inaonyesha kila kitu mpaka sekunde chache kabla ya ajali, halafu kimya. Watu wakiona kimya hicho husema "hakukuwa na kosa lolote". Kosa lilikuwepo, ila halikuwa na pa kuandikwa.

Itafutie logi njia nyingine ya kutoka. Iliyo rahisi ni netconsole: kerneli inatuma ujumbe wake kwa UDP kwenda kwenye kompyuta nyingine ya mtandao wako, kwa kawaida bandari 6666, na huko unausikiliza kwa `nc -u -l 6666` na kuuhifadhi kwenye faili. Haipiti kwenye diski kabisa, kwa hiyo diski ikikwama yenyewe inaendelea. Tumia waya, maana Wi-Fi haiaminiki kwa kazi hii. Mashine ikifa kabisa kwa paniki (kerneli yenyewe kusimama), tazama pia `/sys/fs/pstore` baada ya kuwasha. Kompyuta nyingi zenye UEFI huweza kuhifadhi kipande cha mwisho cha logi kwenye kumbukumbu ya ubao wenyewe, na systemd hukihamishia `/var/lib/systemd/pstore`. Na kama mzizi wa mfumo wako wote uko kwenye bcachefs, hamisha mzizi uende kwenye ext4 na uache bcachefs ibebe data tu. Wakati wa kuganda utahitaji kuendesha amri, na amri iliyoko kwenye diski iliyokwama haifunguki.

Ukishapata logi, isome kutoka juu. Nalisisitiza hili kwa sababu wanaoomba msaada huleta mistari ya mwisho, ile iliyobaki kwenye kioo, na mistari hiyo mara nyingi ni matokeo ya matokeo. Uzi mmoja unakufa ukiwa umeshika kufuli, wengine arobaini wanalisubiri, na kioo kinajaa malalamiko ya hao arobaini. Aliyekufa yuko juu, amepita zamani.

Kerneli inakupa alama ya kukusaidia. Kwenye ripoti huwa kuna `Not tainted`, au neno `Tainted` likifuatwa na herufi. Herufi W inamaanisha kulikuwa na onyo kabla ya hapo, na D inamaanisha kerneli ilishapata ajali kabla ya hii unayoisoma. Ukiona mojawapo, unachosoma si cha kwanza. Panda juu zaidi. Herufi O inaonyesha kuna moduli ya nje ya kerneli, na kwako huenda isiwe jambo la ajabu, kwa sababu nitakayoieleza hapa chini.

Kosa la kwanza lenyewe huongea. Ukikuta `BUG: kernel NULL pointer dereference, address: 0000000000000018`, hiyo 18 si takataka. Ni msimbo uliopewa kielekezi kitupu ukajaribu kusoma kitu kilicho baiti 24 ndani yake. Msanidi akiwa na jina la fanksheni anaweza kujua ni uga gani. Ukiona rejista imejaa `6b6b6b6b6b6b6b6b`, hiyo ni rangi ambayo kerneli, ikiwa imewashiwa ukaguzi, hupaka kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa: mtu ametumia kitu baada ya kukirudisha. Na `dead000000000100` ni kielekezi cha kitu kilichokwisha kuondolewa kwenye orodha. Hizi tatu karibu kila mara ni makosa ya msimbo, si ya vifaa vyako. Anwani inayofanana na anwani ya kawaida ila imegeuka biti moja, hiyo ni habari nyingine.

Hapo ndipo swali lako la pili linapojibika. Vifaa vibovu na msimbo mbovu huacha alama tofauti.

Diski au kebo ikiwa mbovu, makosa ya namba za uhakiki (checksum) hujikusanya kwenye diski hiyo moja, na nakala iliyoko kwenye diski nyingine huwa salama. Endesha `smartctl -a`, inayosoma kumbukumbu za afya ya diski, kwa kila diski. Sifa ya 199, UDMA_CRC_Error_Count, ikipanda, badilisha kebo kabla ya kuilaumu diski. Sifa za 5 na 197 zikipanda, ni diski yenyewe inayochoka.

RAM ikiwa mbovu, makosa hayachagui diski. Yanatokea huku na huku, na mara nyingine namba ya uhakiki ni sahihi lakini kilichomo ni upuuzi, kwa sababu biti iligeuka kabla ya namba kukokotolewa. Chukua thamani iliyotarajiwa na iliyopatikana, uzilinganishe biti kwa biti. Tuseme ilitarajiwa 262144 na imepatikana 262208. Tofauti ni 64, biti moja kamili. Msimbo mbovu mara chache sana hukosea kwa biti moja tu. Hapo acha kila kitu, endesha Memtest86+ usiku kucha, na kumbuka kwamba kufaulu kwake hakuisafishi RAM moja kwa moja. Kushindwa kwake ndiko kunakomaliza ubishi.

Alama ya tatu ni bloku iliyo nzima, yenye uhakiki sahihi, ila ni ya zamani. Watumiaji wa btrfs huiona kwa maneno `parent transid verify failed`, namba inayotakiwa ikiwa kubwa kuliko iliyopatikana. Maana yake toleo jipya la bloku halikufika kwenye diski ingawa mfumo uliambiwa limefika. Ama diski, au kisanduku chake cha USB, kimedanganya kuhusu amri ya kumwaga kache, ama msimbo wenyewe umeandika kwa mpangilio usio sahihi. Hili linakuhusu, kwa sababu unazima kwa kitufe. Mfumo usioandika juu ya data ya zamani unapaswa kuhimili umeme kukatika wakati wowote, ikiwa tu diski inasema kweli. Kama uharibifu wako unatokea baada ya kuzima kwa kitufe pekee, zima kache ya kuandika ya diski hizo kwa `hdparm -W0` ujaribu tena. Mashine itakuwa nzito, lakini utapata jibu.

Kuhusu hiyo "tangu nisasishe kerneli": bcachefs iliingia kwenye Linux 6.7, Januari 2024, ikiwa na alama ya majaribio, na ikaondolewa kwenye 6.18 mwishoni mwa 2025. Sasa inasambazwa kama moduli ya nje, kwa kawaida kupitia DKMS, zana inayoijenga moduli upya kwa kila kerneli. Maana yake una matoleo mawili ya kufuatilia, la kerneli na la moduli, na ripoti isiyotaja yote mawili haina faida. Na kabla hujalia kwamba mfumo "unakataa kabisa", tazama maneno yenyewe ya kukataa. Kama ni `unknown filesystem type 'bcachefs'`, diski zako hazijaguswa na chochote. Moduli haikujengwa kwa ajili ya kerneli uliyowasha. `dkms status` itakuonyesha. Ukitaka kurudi kwenye toleo la zamani ili ulinganishe, soma kwanza `bcachefs show-super`, kwa sababu toleo jipya linaweza kuwa limepandisha muundo wa kwenye diski. Ukifanya majaribio na toleo jipya kwenye nakala, weka `version_upgrade=none` ili muundo usiguswe.

Hiyo `show-super` ina kitu kingine kizuri: inaorodhesha aina za makosa ambayo mfumo umewahi kuyaona, idadi ya kila aina na lini lilionekana mara ya mwisho. Ukikuta makosa yaliyoonekana mara ya mwisho kabla ya kusasisha kerneli, kerneli mpya imelifichua tatizo tu, haikulianzisha. Angalia pia `bcachefs fs usage -h`. Mfumo wa aina hii unahitaji nafasi tupu hata ili kufuta, na ukiwa umejaa hadi ukingoni, kufuta snapshoti wakati wa kunakili mafaili makubwa ndiyo njia ya uhakika ya kuuchokoza.

Baada ya hapo jaribu kulizalisha kosa kwenye mfumo mpya. Tengeneza bcachefs nyingine kwenye diski ya akiba au hata kwenye mafaili makubwa kupitia loop (faili linalotumika kama diski), ijaze, piga snapshoti, zifute huku `fio`, programu ya kupima diski, ikiandika. Ikiganda hapo pia, diski zako na data yako ya zamani hazina hatia; ni msimbo unaoendeshwa sasa. Ikikataa kuganda, basi shaka inahamia kwenye kilichokwisha kuandikwa kwenye diski zako. Ukiweza kulizalisha na ukajua toleo lililokuwa zima, `git bisect`, inayogawa historia ya msimbo nusu kwa nusu, itapunguza mabadiliko elfu moja hadi majaribio kama kumi. Kerneli iliyojengwa na KASAN, mkaguzi wa matumizi ya kumbukumbu, ni nzito, lakini makosa ya kumbukumbu huyakamata yanapotokea na si dakika ishirini baadaye.

Na fsck? Iendeshe sasa kwa `bcachefs fsck -n`, ambayo haibadilishi kitu, juu ya nakala, na uhifadhi matokeo yote kwenye faili. Unaposoma, tenga makosa mafungu mawili. Makosa ya ugawaji wa nafasi, ya vielekezi vya kurudi nyuma, ya hesabu za matumizi: haya ni maelezo yanayoweza kujengwa upya kutoka kwenye maelezo mengine, na hata yakiwa maelfu nisingekosa usingizi. Makosa ya inodi (rekodi ya kila faili), ya majina ndani ya folda, ya vipande vya mafaili yenyewe, au ya miti ya snapshoti: haya ndiyo asili, hayana pa kujengewa, na hata likiwa moja linastahili kusomwa taratibu kabla ya kuruhusu chochote. Ukiona la fungu la pili, fanya ukarabati kwenye safu ya `dm-snapshot`, ingia uone mafaili yaliyobaki, ndipo uamue. Hata ukifaulu, ningekushauri uhamishe data kwenda kwenye mfumo mpya uliotengenezwa upya kuliko kuendelea kuishi ndani ya uliorekebishwa.

Ukipeleka ripoti kwa wasanidi, ambatisha logi nzima kuanzia kuwasha mashine, matokeo mawili ya SysRq-W, `show-super`, na sentensi mbili za ulichokuwa unafanya. Wakihitaji metadata, `bcachefs dump` inaitoa bila yaliyomo ndani ya mafaili makubwa, lakini majina ya mafaili hubaki, na yaliyomo kwenye mafaili madogo sana yanaweza kubaki pia, kwa hiyo yapitie kwanza kama kuna ya siri.

Kwa jinsi ulivyoeleza, ningeanza na iostat na SysRq-W kabla ya kushuku vifaa, kwa sababu kosa linalofuata kazi mahususi, kama kufuta snapshoti, mara nyingi ni la msimbo au la uzito wa kazi. RAM mbovu haingojei ufute snapshoti. Ukishayapata matokeo hayo mawili, niletee pamoja na mstari wa kwanza wenye kosa kutoka netconsole, tuendelee kuanzia hapo.